Maandamano yakipita mbele ya nyumba yangu Missouri, naweza kutoka nje na bunduki?

Mwenyenyumba_MO ameandika:

Wakuu, salaam. Naomba ushauri wa walio huku Marekani, hasa Missouri, maana mtaani kwetu hali imechafuka.

Nakaa kaunti ya St. Louis, kwenye mtaa wenye chama cha wakazi na kibao kinachosema barabara ni ya binafsi. Diwani mmoja anaishi nyumba chache mbele ya kwangu. Wiki hii zimesambazwa karatasi kwamba Jumamosi watu wataandamana hadi kwake. Hawana ugomvi na sisi wengine, ila njia ni moja, lazima wapite mbele ya kibaraza changu. Kwenye kundi letu la WhatsApp jirani mmoja (mtu mwema tu, ndiye aliyenikopesha ngazi nilipokuwa naziba paa) ameandika kwamba kila mwanaume asimame mlangoni na silaha yake "waone tupo". Dole gumba zimemiminika. Kisha akanifuata pembeni: na wewe unayo?

Ninayo. Bastola, niliinunua dukani kihalali, nikajaza fomu, jina likapekuliwa, likapita. Nina grinikadi, uraia bado sijaapa. Mke wangu anasema tufunge pazia tuangalie mpira. Mimi naona nikijifungia ndani majirani watanihesabu mwoga, au watasema niko upande wa wanaoandamana. Na jirani anasema sheria ya hapa iko wazi, ukiwa kwako unaruhusiwa; eti wale mawakili mke na mume wa mwaka 2020 walifanya hivyohivyo na hawakufungwa.

Ni kweli? Nikiishika tu bila kumwelekezea mtu kuna kosa? Na hii habari ya barabara ya binafsi inanisaidia chochote?

---

Chuma_Ozarks:

Mkuu, hii ni Missouri, siyo California. Sheria iliyopitishwa 2016 iliondoa wajibu wa kurudi nyuma kabla ya kujihami, popote ulipo na haki ya kuwepo. Tangu Januari 2017 huhitaji hata kibali kubeba. Kiwanja chako, kibaraza chako, familia yako. Simama wima, usimtukane mtu, wapite waende zao. Kundi la watu mia likishaingia kwenye nyasi zako hakuna polisi atakayefika kwa wakati. Mimi ningetoka.

---

Mkalimani_wa_Korti:

Kaka, mimi si wakili. Kazi yangu ni ukalimani mahakamani, nakaa ubavuni mwa mshtakiwa asiyejua Kiingereza na kumpa kila anachosema hakimu. Nimewasikia wengi wakianza utetezi kwa "nilikuwa kwangu". Mwendesha mashtaka huwa hapingi hilo. Anauliza yanayofuata: nani alikuwa anakujia? Alikuwa na nini mkononi? Mlango wako ulikuwa na kitasa?

Nianze na hao wanandoa, maana habari yao huzunguka ikiwa imekatwa mkia.

Jumapili ya tarehe 28 Juni 2020, mwezi mmoja baada ya George Floyd kuuawa Minneapolis, waandamanaji walikuwa wanaelekea nyumbani kwa meya wa St. Louis wa wakati ule, Lyda Krewson. Siku mbili kabla yake, meya alikuwa amesoma hewani kwenye Facebook majina na anwani za watu waliomwandikia wakitaka polisi wapunguziwe bajeti. Njiani wakaingia kwenye geti la Portland Place, mtaa wa majumba makubwa wenye barabara ya binafsi kama wa kwako. Mark McCloskey akatoka na bunduki ya aina ya AR-15. Mkewe Patricia akatoka na bastola ndogo, kidole kwenye kifyatulio, akiielekeza kwa watu waliokuwa wanapita. Hakuna risasi iliyotoka, hakuna aliyeumia. Na kituko chenyewe: bastola ile ilikuwa haifyatui. Waliwahi kuitumia kama kielelezo kwenye kesi yao moja, ikaachwa hivyo.

Sasa mkia uliokatwa. Tarehe 20 Julai 2020 wakashtakiwa kwa matumizi haramu ya silaha, jinai nzito. Gavana Mike Parson akaahidi mapema kwamba atawasamehe. Oktoba jopo kuu (raia wanaoamua kama mtu ashtakiwe) likathibitisha mashtaka na kuongeza la kuchezea ushahidi. Desemba hakimu akamwondoa mwendesha mashtaka, Kimberly Gardner, kwa sababu aliitaja kesi kwenye barua pepe za kuchangisha fedha za kampeni yake. Akateuliwa mwendesha mashtaka maalumu, Richard Callahan, mtu aliyewahi kuwa hakimu. Yeye akawahoji watu na kusema wazi alichokiona: kundi la amani, mchanganyiko wa weusi na weupe, wanawake na watoto wamo, walipinda kona isiyo yao, hakukuwa na ushahidi kwamba yeyote kati yao alibeba silaha, na aliowahoji hawakujua kwamba wameingia eneo la binafsi.

Tarehe 17 Juni 2021 wote wawili wakakiri makosa. Mume alikiri shambulio la daraja la nne, faini dola 750. Mke alikiri usumbufu, faini dola 2,000. Silaha wakaziachia. Gavana akawasamehe mwishoni mwa Julai mwaka huohuo, na Februari 2022 Mahakama ya Juu ya Missouri ikawaweka mwaka mmoja chini ya uangalizi katika leseni zao za uwakili. Baadaye mume aligombea tiketi ya Useneta na kuambulia kura chache sana, lakini hilo ni la siasa.

Kwa hiyo jirani yako akisema hawakufungwa, ni kweli. Akisema sheria iliwaruhusu, mwambie msamaha hupewa mtu aliyetiwa hatiani. Wao walikuwa mawakili, wana fedha, na gavana alikuwa amewatangazia msamaha kabla kesi haijasikilizwa. Jiulize wewe una kipi kati ya hivyo.

Turudi kwenye maswali yako.

Kuhusu kujihami. Sheria ya hapa, kifungu 563.031, ni pana kweli, Chuma hajadanganya. Inamtetea mtu dhidi ya anayeingia au kujaribu kuingia isivyo halali kwenye makazi yake au gari lake, na tangu 2010 hata kwenye kiwanja anachomiliki. Ila watu husoma nusu. Mlango wa kuingilia kifungu chote ni sharti moja: uamini, tena imani ambayo mtu mwenye akili timamu angekuwa nayo, kwamba nguvu inahitajika sasa hivi kuzuia nguvu haramu inayokuja dhidi yako au ya mwenzako. Watu wanaopita barabarani wakipiga kelele wakielekea kwa diwani hawakujii wewe. Wanaweza kukutukana. Matusi si shambulio.

Kuhusu barabara ya binafsi. Kwanza ni ya chama, si ya kwako peke yako. Wewe ni mwanachama. Pili, aliyeingia pasipo ruhusa ametenda kosa dogo, na dawa yake ni polisi kumwandikia. Kwenye sakata la 2020 polisi waliwaandikia waandamanaji tisa kwa kuingia mtaa ule. Jiji halikuendelea na kesi. Hata mtu anayekuharibia mali, Missouri inakuruhusu kutumia nguvu ya kawaida kumzuia, lakini nguvu ya kuua inabaki kwenye masharti yaleyale ya kujihami. Mtu akikanyaga maua ya mkeo huwezi kumjibu kwa risasi.

Kuhusu kushika bila kuelekeza, hapa ndipo penye utelezi. Kifungu 571.030 kinakataza kuonyesha, mbele ya mtu mmoja au zaidi, silaha inayoweza kuua kwa namna ya hasira au ya kutisha. Adhabu yake hufika miaka minne. Hakikudai ufyatue wala ulenge. Bastola ikiwa kiunoni ndani ya mfuko wake na wewe unamwagilia bustani, sina la kusema. Ikiwa mkononi, wewe umesimama na majirani kumi kila mmoja na yake, mmepanga siku mbili kabla ili "waone tupo", basi namna ya kutisha mmeiandika wenyewe kwenye WhatsApp. Simu hizo huchukuliwa. Nimesoma kwa sauti meseji za watu mbele ya hakimu, zikiwa na vikatuni vyake vya kucheka na vyote.

Na Chuma, California unayoibeza ina mfano wake. Machi 2020 mume wa mwendesha mashtaka mkuu wa Los Angeles alifungua mlango alfajiri akawaelekezea bastola waandamanaji waliokuwa kibarazani kwake. Kibarazani hasa, siyo barabarani. Agosti akashtakiwa kwa makosa matatu madogo ya shambulio kwa silaha.

La mwisho ulilitaja kama nyongeza, nami ndilo lingeninyima usingizi. Una grinikadi. Kwa sheria ya uhamiaji ya shirikisho, mtu asiye raia akitiwa hatiani kwa kosa la bunduki anaweza kuondolewa nchini, haijalishi amekaa miaka mingapi wala kama alifungwa. Kukiri kosa ili upewe faini nako huhesabiwa kutiwa hatiani. Halafu sikia hili: msamaha wa gavana humwokoa mhamiaji kwenye baadhi ya sababu za kuondolewa, lakini sababu ya bunduki haimo. Dawa iliyowaponya McCloskey isingekuponya wewe. Tangu hukumu ya Mahakama ya Juu ya Marekani kwenye kesi ya Padilla, mwaka 2010, wakili wa jinai anawajibika kukuonya kabla hujakiri jambo litakalokuondoa nchini. Ila onyo hilo huja ukiwa tayari umeshika mkono wa wakili wa jinai.

(Wanaosoma hapa wakiwa na viza ya masomo au ya kazi: nyinyi hata kuimiliki bunduki kwa kawaida hamruhusiwi, isipokuwa kwa vighairi vichache kama leseni ya uwindaji. Msiazime ya rafiki "kwa Jumamosi tu".)

---

Babu_wa_Detroit:

Wanangu, nimewasoma. Niongeze la huku kwetu, kwa sababu watu hudhani mambo haya yalianza 2020.

Septemba 1925 daktari mweusi, Ossian Sweet, alihamia nyumba aliyoinunua Garland Street, mtaa wa wazungu. Usiku wa pili umati ulikuwa umejaa nje. Polisi walikuwepo, wamesimama. Mawe yakaanza kupiga nyumba, vioo vikavunjika, ndipo risasi zikatoka ndani. Mzungu mmoja akafa na mwingine akajeruhiwa. Watu 11 waliokuwemo ndani, mke wa daktari akiwemo, wote wakashtakiwa mauaji. NAACP, chama cha kutetea haki za weusi, kikamleta wakili Clarence Darrow. Hakimu alikuwa Frank Murphy, ambaye baadaye alikwenda Mahakama ya Juu ya Marekani. Kesi ya kwanza wazee wa baraza, yaani raia wanaotoa uamuzi, walishindwa kukubaliana. Mei 1926 mdogo wake daktari, Henry, akaachiwa huru, na waliobaki mashtaka yao yakafutwa mwaka uliofuata.

Angalia hali ilivyokuwa. Wako ndani, mlango umefungwa, mawe yanaingia, umati umekuja kwa ajili yao na si kwa diwani. Hata hivyo walilala jela, na ilibidi kumtafuta wakili maarufu kuliko wote nchini.

Nina la pili, nalo si la sheria. Mtu akipiga 911 kusema kuna mwanaume mwenye bastola mtaani, askari anayefika hajui wewe ni mwenye nyumba. Anaona mtu mweusi na chuma mkononi. Philando Castile, Minnesota, Julai 2016, alikuwa na kibali, akamwambia askari kwa adabu kwamba anayo silaha, akapigwa risasi ndani ya gari lake. Askari aliachiwa na mahakama mwaka 2017. Jirani yako akisimama na yake atapungiwa mkono. Wewe usijaribu kupima kama utapungiwa.

---

Chuma_Ozarks:

Babu, shikamoo. Lakini huyo daktari na ndugu zake si walishinda? Hiyo ndiyo hoja yangu. Mahakama ilikubali kwamba mtu mweusi naye ana ngome yake. Sasa mnamwambia kijana ajifungie kama kuku. Na vitasa vikivunjwa?

---

Mkalimani_wa_Korti:

Chuma, vitasa vikivunjwa tunazungumza habari nyingine kabisa, na huko tuko pamoja. Mtu akivunja mlango wa nyumba yenye watoto ndani, sheria ya Missouri imesimama upande wa mwenye nyumba kuliko majimbo mengi. Nasema tu kwamba akina Sweet walishinda kwa sababu ya mahali walipokuwa na kilichokuwa kinawajia. Darrow aliwaweka wazee wa baraza ndani ya nyumba ile, wasikie mawe. Sasa mwambie wakili wako awaweke kibarazani Jumamosi, wasikie nini? Ngoma na vipaza sauti vikielekea nyumba nyingine?

Hata ndani, woga peke yake hautoshi. Aprili 2023, Kansas City, jimbo hilihili, kijana mweusi wa miaka 16 alikwenda kuwachukua wadogo zake akakosea nyumba, majina ya barabara yanafanana. Akabonyeza kengele. Mzee wa miaka 84 akampiga risasi kupitia mlango wa kioo, akisema aliogopa. Kijana alipona. Mzee alishtakiwa, na Februari 2025 akakiri shambulio la daraja la pili. Alifariki siku chache baadaye kabla ya kuhukumiwa. Alikuwa ndani ya nyumba yake, amezeeka, usiku, na sheria ni hii unayoisifu. Kengele ya mlangoni haikuhesabiwa kuwa shambulio.

---

Chuma_Ozarks:

Ile ya Kansas City sina ubishi, yule mzee alikosea. Lakini mtu mmoja mlangoni na umati wa watu mia tatu ni vitu viwili. Umati unageuka ghafla.

---

Mkalimani_wa_Korti:

Unageuka, ndiyo. Na kinachougeuza haraka kuliko chochote ni bunduki kutokea mlangoni. Tazama tena picha za Portland Place: watu waliokuwa wanatembea wakasimama, wakageuka, wakaanza kujibizana. Sheria nayo imeliona hilo. Aliyeanzisha uchokozi hupoteza haki ya kujihami mpaka ajiondoe na kuonyesha wazi kwamba amejiondoa. Kwenye umati nako kunaweza kuwa na mtu mwenye yake kiunoni, kihalali kama wewe, naye akaona ametishiwa. Ninyi wawili wote mtadai kifungu kimoja. Mahakama itaamua nani alitangulia, ila mmoja wenu huenda asiwepo kusikiliza.

---

Mwenyenyumba_MO:

Asanteni sana, babu shikamoo. Dada Mkalimani, umenitoa jasho kwa hilo la grinikadi, jirani hakulitaja na nadhani hata halijui. Chuma nakuelewa pia, maana hofu ninayo, siigizi.

Nibakishe mawili. Jumamosi hasa nifanye nini? Na bima ya nyumba ingelipa kama jambo lingeharibika?

---

Mkalimani_wa_Korti:

Gari liingize gerejini. Kamera ya mlangoni iwe na chaji, iwake, maana ikirekodi barabara nzima itakutetea kuliko maneno yako. Mapipa ya taka na matofali ya bustani yasiachwe mbele. Leo, si Jumamosi, piga namba ya kawaida ya polisi wa manispaa yenu uulize kama wanajua njia ya maandamano. Mara nyingi diwani atakuwa ameshawaambia. Mchana wenyewe watoto wakae vyumba vya nyuma. Bastola ibaki ilipofungiwa, uijue ilipo. Mtu akija kibarazani na kugonga, usifungue, mwambie kwa sauti aondoke, piga 911, mtaje ulipo ndani ya nyumba na umevaa nini. Akianza kuvunja mlango, hapo umefika pale sheria ilipokukusudia. Polisi wakifika, usiwe na kitu mkononi. Toa jina lako, sema unataka wakili, basi. Hadithi ndefu za kujieleza papo hapo ndizo zinazonipa kazi baadaye.

Bima: soma sehemu ya vighairi kwenye mkataba wako. Nyingi hazilipi jeraha ulilolikusudia. Baadhi huacha mwanya kwa nguvu ya kiasi iliyotumika kulinda watu au mali, lakini mwanya huo utaubishania na mawakili wa kampuni wakati aliyejeruhiwa anakudai wewe. Msamaha wa gavana haugusi madai ya namna hiyo.

Kuhusu jirani, nenda ukaongee naye kwa mdomo, umrudishie na ngazi yake kama bado iko kwako. Mweleze la grinikadi, ataelewa. Kwenye kundi usifute kitu, ila usiongeze neno.

---

Babu_wa_Detroit:

Na mpira Jumamosi ni saa ngapi? Msikilize mkeo.